Hesabu za Kupikwa

Wako wenzetu wanaosifu utafiti wa viini vya atomu kwa ukubwa wa mitambo yake. Mimi naona wanasifu la pili na kuliacha la kwanza.

Tutazame Ujerumani. Mwaka 1969 serikali ya huko, pamoja na jimbo la Hesse, iliunda kituo cha utafiti wa ayoni nzito, GSI, katika mji wa Darmstadt. Mtambo wake mmoja una urefu wa meta 120 hivi, nao huzirusha atomu zilizopunguziwa elektroni kwa kasi kubwa mno. Mwaka 1996 walirusha zinki juu ya risasi. Hesabu yake hata mtoto wa darasa la tatu aiweza: zinki 30, risasi 82, jumla 112. Lakini viini husukumana kwa chaji zao, na kuungana kwake ni nadra sana. Baada ya kupiga siku nyingi, walitangaza atomu mbili tu.

Nazo hazikuwa mbili. Huko Berkeley, Marekani, maabara nyingine ilitangaza elementi ya 118 mwaka 1999, kisha ikafuta tangazo lake, na uchunguzi ulionyesha kuwa takwimu zilitungwa. Watu wa Darmstadt nao wakafungua kumbukumbu zao za zamani, wakaona kwamba atomu moja katika zile mbili haimo kabisa. Walirudia jaribio mwaka 2000, wakapata nyingine ya kweli; na mwaka 2002 wakaichapa habari yote, aibu na yote. Jina la elementi hiyo, kopanisiamu, lilikubaliwa mwaka 2010.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Nani angalikwenda kuidai atomu moja?

Sasa tujitazame wenyewe siku ya jaribio la pendulamu. Jibu lajulikana tangu jana: 9.8. Mwanafunzi huanza nalo, akarudi kinyumenyume kutunga sekunde zinazolifaa. Hupata vema. Jirani yake aliyepima kweli, akapata 9.3, hupigiwa msalaba mwekundu! (Basi kosa si la wanafunzi peke yao.)

Napendekeza vipimo viandikwe kwa wino, katika daftari lenye kurasa za namba lisilotoka maabara, na mwalimu asahihishe vipimo kabla ya jibu. Tuanze na Kidato cha Kwanza, muhula ujao, kabla hawajajifunza kupika.