Mchagua Jembe

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii ni njema ikiwa makusudi yake ni kumkemea mvivu ambaye hutumia asubuhi nzima kukagua mipini huku magugu yanamea. Lakini mtu akiitumia kumzuia mwenziwe asipime chombo kabla ya kukinunua, amegeuza dawa kuwa sumu. Mimi nilidhurika kwa kutochagua. Kwa sababu hiyo, msomaji, nipe ruhusa nishindane na methali hii kitambo kidogo, na mfano wangu uwe baiskeli ya mashindano ya saiklokrosi.

Saiklokrosi ni mbio za baiskeli katika matope. Mchezo huu ulizaliwa Ufaransa, ambako mashindano ya kwanza ya taifa yalifanyika mwaka 1902. Ubingwa wa dunia ulishindaniwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1950, na mshindi alikuwa Jean Robic, Mfaransa aliyekuwa ameshinda Tour de France mwaka 1947. Siku hizi mchezo unapendwa zaidi Ubelgiji na Uholanzi. Majira ya baridi yakifika, wapandaji huzunguka kwa muda wa saa moja hivi katika njia fupi ya nyasi, mchanga na tope zito. Wakikuta mbao zilizosimamishwa njiani, au mwinuko usiopandika, hushuka, huitia baiskeli begani, hukimbia nayo, kisha huirukia tena. Basi baiskeli hiyo humbeba mtu, na mtu naye huibeba baiskeli. Wanaobebana hivyo sharti wafaane.

Nilipokuwa mwanafunzi Ubelgiji niliosha vyombo vya mkahawa majira mazima ya baridi ili nipate bei ya baiskeli kama hiyo. Siku ya kununua niliingia dukani nikaona moja nyekundu, inang'aa kama embe bivu. Muuzaji aliisifu, nami nikajiona nimesifiwa. Fremu ilikuwa kubwa kuliko kimo changu, lakini niliambiwa kuwa ningeizoea. Baada ya wiki sita magoti yaliniuma hata ngazi zikanishinda, na baiskeli nikaiuza kwa nusu ya bei. Mikono iliyochubuka kwa maji ya sabuni ilifanya kazi bure. Hata hivyo simlaumu muuzaji. Kazi yake ilikuwa kuuza, na kazi yangu ilikuwa kupima. Kizuri chajiuza, lakini mwenye kulipa ni mnunuzi.

Wako watu washikiliao kuwa kilicho ghali ndicho bora, na kuwa baiskeli nyepesi humfanya mtu bingwa. Nawauliza: uepesi huo utadumu mpaka lini? Tope likijaa baina ya tairi na uma, uzito wake huzidi gramu zote zilizopunguzwa kwa fedha nyingi. Tena, anayeamini kuwa ushindi umo ndani ya chombo hana budi kuifuata imani hiyo mpaka mwisho wake. Mwaka 2016, katika mashindano ya ubingwa wa dunia huko Zolder, Ubelgiji, ilikutwa baiskeli yenye mota iliyofichwa ndani ya fremu. Mpandaji aliyehusika alifungiwa miaka sita. Huko ndiko iendako njia ya kuitegemea mashine badala ya miguu.

Kundi la pili husema kinyume: baiskeli ni baiskeli, chukua yoyote upande. Nao wamepotea. Baiskeli ya saiklokrosi haina keria wala madigadi. Mpe mchuuzi wa maziwa, ataitupa siku ya kwanza. Na baiskeli nzito ya chuma ambayo imelisha jamaa nyingi katika nchi yetu, mpe mkimbiaji aitie begani mara ishirini katika saa moja, naye ataiweka chini kabla ya mara ya tano. Kila moja ni bora mahali pake. Chombo husifiwa kwa kazi yake, si kwa sura yake.

Basi ipimwe kwa nini? Kwanza mwili wako. Simama juu ya fremu, shika usukani, kaa kitini, na usikubali kuambiwa utazoea. Pili, tazama nafasi iliyo kando ya tairi, maana humo ndimo tope litakamopita au litakamokwama. Tatu, tazama tairi zenyewe. Sheria ya mashindano ya kimataifa hairuhusu upana uzidio milimita 33, na mpandaji hujaza upepo kidogo tu ili tairi ilale na kuishika ardhi. Nne, jaribu breki. Tangu mwaka 2010 breki za diski zimeruhusiwa katika mchezo huu, nazo hazisumbuliwi sana na tope kama zile zibanazo ukingo wa gurudumu. Mwisho, uliza kama fundi wa karibu anaweza kupata vipuri vyake. Baiskeli ambayo kipuri chake hakipatikani ni pambo la ukutani.

Walakini kununua ni kazi ya siku moja, na kuishi na ulichonunua ni kazi ya kila siku. Bingwa ana baiskeli mbili au zaidi. Anapopanda moja, mafundi wake huosha nyingine, naye hubadilisha katikati ya mbio. Wewe una moja, na fundi wake ni wewe. Urudipo, usiilaze na tope lake. Ioshe kwa ndoo na brashi. Usiielekezee maji ya mashine yenye nguvu, kwa kuwa hupenya ndani ya beringi na kufukuza grisi. Kausha mnyororo, utie mafuta kidogo, ufute yaliyozidi. Kagua breki, kwani mchanga uliochanganyika na maji huweza kuzila katika mbio moja tu. Usione vyaelea, vimeundwa.

Labda utasema, "Hayo ni ya Ubelgiji, yananihusu nini?" Yanakuhusu. Vumbi letu la kiangazi hula mnyororo kama tope lao la baridi. Mwaka 2021 mbio za baiskeli za njia za changarawe zilianza huko Maasai Mara, na baiskeli zipitazo humo ni ndugu wa hizo nilizozieleza, ila tairi zake ni pana zaidi. Wala sisemi juu ya baiskeli peke yake. Kesho utachagua cherehani, au kamera, au shamba, na muuzaji mwenye maneno matamu atakuwa amesimama pale pale akikungoja.

Kwa hiyo naikubali methali nusu. Ni kweli kwamba mwenye kuchagua jembe hajawa mkulima bado. Lakini asiyechagua atalima kwa malengelenge, na asiyetunza atalima kwa kutu. Chagua kama mtu asiye na fedha za kupoteza, kisha utunze kama mtu asiye na fundi.