Mfundishe kukataa kabla ya kumfundisha ngumi

Mpunga unapoiva kwenye majaruba ya Usangu, nyumba nyingi za Chimala hubaki mikononi mwa watoto. Baba yuko shambani, mama yuko shambani, na wengine hulala hukohuko kwenye vibanda mpaka mzigo ufike mashineni. Kabla ya hapo walikuwa wakilinda ndege, kuanzia alfajiri hadi jua linapozama. Nyumbani anabaki dada wa darasa la sita na wadogo zake wawili, ufunguo ukining'inia shingoni kwa kamba, na simu ya kitochi yenye chaji nusu.

Na Chimala si kijiji kilichojificha. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita katikati yake, malori yanapita usiku na mchana, TAZARA ina stesheni pale, na hapo ndipo inapoanza ile barabara ya kona 57 inayopanda kwenda Matamba na Kitulo. Msimu wa mavuno wanaongezeka wanunuzi wa mpunga, makuli wa mashineni, madereva wa Fuso na vijana wa bodaboda. Wengi wamefuata riziki yao tu, na wengi ni wazazi pia. Lakini kwa mtoto anayetumwa chumvi saa moja usiku, hizo ni sura nyingi mno asizozijua.

Mzazi naye, kabla ya kuondoka, anafanya kile wanachofanya wazazi wote. Anaonya: "Msiongee na watu msiowajua." Onyo hilo ni zuri, ila linaziba mlango mmoja na kuacha mwingine wazi.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, na ripoti yake kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya kumi walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana alikuwa mmoja kati ya saba hivi. Majirani walikuwa miongoni mwa waliotajwa zaidi kuwa watendaji, na matukio mengi yalitokea ndani ya nyumba ya mtu, shuleni au njiani kwenda na kurudi shule. Yaani mtu ambaye mtoto humwamkia kila asubuhi, mahali ambapo mtoto hupita kila siku. Onyo la "watu msiowajua" halimgusi kabisa mtu huyo.

Hapa ndipo malezi yetu yanahitaji kutazamwa bila woga. Mtoto wa Kitanzania hufundishwa mapema kwamba kila mkubwa ni mzazi. Anatoa shikamoo, anapokea mzigo, anatumwa na yeyote, na hajibizani. Ni malezi mazuri na hakuna sababu ya kuyatupa; ndiyo yanayomfanya mama wa nyumba ya tatu awalishe watoto wa jirani aliye shambani bila kuuliza. Lakini mwenye nia mbaya anayajua malezi hayo vizuri kuliko mtu yeyote, na huyatumia kama kamba. "Hebu njoo unisaidie kubeba ndoo mpaka ndani." "Mbona unakuwa na kiburi, nimwambie baba yako?" Kisha, baada ya yote: "Ukisema, mama atakuchapa." Mtoto anaamini, kwa sababu mara nyingi ni kweli kwamba anayemjibu mkubwa huchapwa.

Kwa hiyo kujilinda hakuanzi na teke wala ngumi. Kunaanza na ruhusa, na ruhusa hiyo lazima itoke kinywani mwa mzazi, kwa maneno yanayosikika: "Mtu mkubwa akikugusa sehemu za siri, au akitaka umguse, au akikwambia uingie kwake peke yako, unaruhusiwa kumkatalia. Unaruhusiwa kupiga kelele. Unaruhusiwa kukimbia bila kuaga. Hata akiwa mjomba. Hata akiwa mwalimu, hata mchungaji. Hutachapwa." Neno hilo la mwisho ndilo mtoto analolisubiri. Likikosekana, mengine yote anayasikia kama hotuba.

Tena mtoto atalipima. Siku moja atakataa kukaa kwenye mapaja ya mgeni, mbele ya watu, na mgeni atacheka kwa aibu na kusema mtoto huyu hana adabu. Wazazi wengi huanguka mtihani hapo: humsukuma mtoto arudi mapajani ili mgeni asijisikie vibaya. Inatosha kusema, "Mwache tu, shangazi, amekwisha kukusalimia." Mgeni hatakufa. Mtoto atakuwa ameona kwamba hapana yake ina mtu nyuma yake.

Haya hayakuanzia Chimala. Jijini Nairobi, katika mitaa kama Korogocho, wasichana wa shule wamekuwa wakipewa mafunzo ya kujilinda kwa vipindi sita vya saa mbili mbili. Utafiti mmoja, uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Pediatrics la Marekani, uliwafuatilia karibu wasichana 2,000, na zaidi ya nusu ya waliofunzwa walieleza kuwa katika mwaka uliofuata waliyatumia mafunzo hayo kuzuia shambulio. Mafunzo yenyewe yalihusu sana mdomo na kichwa: kutambua hila, kuweka mpaka, kusema hapana kwa sauti ya mtu aliyekusudia. Mateke yalikuwepo, lakini hayakuwa kitu cha kwanza. Korogocho hiyohiyo kuna kundi la bibi wazee waliojiita Shosho Jikinge, wanaojifunza kupiga kelele na kulenga pua ya mshambuliaji kwa kiganja. Ikiwa bibi wa miaka 70 anafundishika, mtoto wa darasa la pili hashindwi.

Sauti nayo ina ufundi wake. Fikiria mwanaume anayemvuta mtoto anayelia pale stendi. Watu watatazama, wengine watasikitika, halafu watarudi kwenye shughuli zao, kwa sababu wanachoona ni baba anayemrudi mwanawe. Kilio peke yake hakiwaambii kitu. Maneno ndiyo yanayowaamsha: "Simjui huyu! Si baba yangu! Nisaidieni!" Mtoto afundishwe kuyarudia bila kukoma, na ikiwezekana amtaje mtu mmoja aliye karibu: "Mama wa maandazi, nisaidie, simjui huyu!" Mtu aliyeitwa hivyo hawezi kujifanya hajasikia.

Lakini asifundishwe kupiga yowe la "mwizi". Kila mtu anajua yowe hilo huishia wapi, na magazeti yamechoka kuandika kuhusu "wananchi wenye hasira kali". Mtoto hahitaji kubeba maiti ya mtu kichwani mwake maisha yake yote, hata ya mtu mbaya. Tena mtu aliyekufa hafikishwi mahakamani.

Kwa upande wa mwili, lengo ni kuponyoka, si kushinda. Mtoto hampigi mtu mzima akamshinda, na kumdanganya kwamba anaweza ni kumtia hatarini. Akishikwa mkono, auzungushe kwa nguvu kuelekea upande wa kidole gumba cha aliyemshika, maana hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu. Akibebwa, aume, akwaruze, apige mateke kwenye ugoko. Akivutwa, akae chini au akumbatie nguzo, kwa sababu mtoto aliyejilegeza chini ni mzigo mgumu kuliko gunia. Begi aliache, viatu aviache. Kisha akimbilie penye watu: kwa mama lishe, dukani, kwa wakala wa pesa, mashineni. Asikimbilie barabarani. Kwenye lami ile lori lililobeba tani 30 halina breki ya ghafla, na mtoto aliyemkimbia mtu mbaya anaweza kugongwa na dereva asiye na kosa.

Suala la bodaboda lina mtego wake. "Mama yako amenituma nikuchukue, amepata ajali." Hakuna mtoto asiyepanda akisikia hivyo. Dawa yake ni ya bei rahisi kuliko zote: neno la siri la familia. Liwe neno la ajabu kidogo, tuseme "kisamvu cha nazi", ambalo mgeni hawezi kulibahatisha. Anayetumwa kweli atalijua. Asiyelijua, mtoto hapandi, hata kama ni jirani na hata kama mvua inanyesha. Likishatumika mara moja, libadilishwe. Pamoja na hilo, mtoto awe na namba ya simu ya mzazi kichwani, siyo kwenye daftari. Watoto wanaokariri nyimbo nzima za Bongo Fleva hawashindwi na tarakimu kumi.

Wavulana husahaulika katika mazungumzo haya. Wao huachwa wazurure, wadandie malori, washinde kwenye vibanda vya video mpaka usiku, kwa imani kwamba mtoto wa kiume hana cha kupoteza. Wale wavulana wa kwenye utafiti wa 2009 wanakanusha hilo. Tena utafiti huohuo ulionyesha kwamba wavulana ndio waliosema kidogo zaidi: wasichana karibu nusu walimweleza mtu, wavulana theluthi moja tu. Mvulana aliyeambiwa "mwanaume halii" tangu akiwa na miaka mitatu hatapata pa kuanzia.

Wanafunzi wa sekondari waliopangishiwa geto kwa sababu shule iko mbali na kijiji wanahitaji kutembelewa, tena bila taarifa. Mwenye nyumba ajulikane, komeo liwe la ndani, na swali la "nani anakusaidia hela ya matumizi" liulizwe kwa upole, si kama upelelezi.

Na ikiwa jambo limekwisha kutokea? Sekunde za mwanzo ndizo nzito kuliko zote. Mama akipiga kelele "Ulifuata nini kule?", mtoto hufunga mdomo, na pengine hataufungua tena. Yanatosha maneno machache: "Nakuamini. Si kosa lako. Umefanya vizuri kuniambia." Machozi ya mzazi yasubiri, ingawa ni rahisi kuandika hivyo kuliko kufanya.

Halafu hospitali, siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72 tu, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Mtoto asiogeshwe kwanza, nguo zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa nailoni, zipelekwe kama zilivyo. Polisi ndiko inakotolewa fomu ya PF3, na kuna Dawati la Jinsia na Watoto lililowekwa kwa ajili ya kesi kama hizi. Asiyejua aanzie wapi apige 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni bure.

Kikwazo kikubwa baada ya hapo mara nyingi huwa ni kikao cha ukoo. Wazee wanakuja jioni, wanakaa, wanasema jambo hili limalizwe nyumbani, mtu huyu ni wetu, tusichafuane. Mara nyingine kunatajwa fedha, mara nyingine ng'ombe au magunia. Mzazi aliyevuna vibaya mwaka huo atajikuta anatafakari. Lakini mtoto anayesikia bei yake ikijadiliwa sebuleni anaelewa kila kitu, na mtendaji naye anaelewa: ameuziwa ukimya, na anaweza kununua mwingine kwa jirani. Kubaka ni kosa la jinai lenye kifungo kisichopungua miaka 30, na kwa msichana wa chini ya miaka 18 hoja ya "alikubali mwenyewe" haimwokoi mtu mzima. Kumpa mwanafunzi mimba pia ni miaka 30, tangu Sheria ya Elimu iliporekebishwa mwaka 2016. Ukoo hauna mamlaka ya kufuta hayo.

Wapo wanaokata tamaa wakisema hapakuwa na shahidi. Sheria ya Ushahidi inamruhusu mtoto mdogo kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi tu kusema ukweli, na mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli inaweza kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto huyo peke yake. Ndiyo maana mtoto anapaswa kujua majina halisi ya viungo vyake tangu mdogo, siyo "kadudu" na "kaua". Mtoto aliyesema "alinishika kaua kangu" mbele ya hakimu anaweza asieleweke, na wakili wa upande wa pili hatamsaidia.

Mazoezi ya haya yote hayahitaji ukumbi. Jioni moja jikoni inatosha, mzazi akijifanya mtu mbaya na mtoto akikataa. Mara ya kwanza watacheka wote, na sauti itatoka kama ya kuku. Mara ya tano majirani watachungulia kuuliza kuna nini, jambo ambalo ndilo linalotakiwa.

Kwa wale waliolala shambani, simu ya saa mbili usiku huwa na maswali mawili: mmekula, na mmefunga mlango? Liongezwe la tatu: leo kuna mtu yeyote aliyekutisha, au aliyekufanyia jambo usilolipenda? Dada mkubwa akijibu "hapana" harakaharaka, awape simu na wadogo zake, mmoja mmoja, hata kama salio linaisha.