Misuli Isiyomridhisha Mwenyewe

Vijana wanaonyanyua vyuma wameongezeka nchini, mijini na hata vijijini. Asiye na fedha za kununua vyuma vya kiwandani hujaza saruji katika makopo mawili, akayaunganisha kwa bomba, na kazi ikaanza. Hatuna ugomvi naye. Kijana anayetoka jasho jioni ni bora kuliko anayeshinda kilabuni. Lakini liko swali ambalo wazazi na viongozi hawana budi kulitafakari: Je, huja siku mtunisha misuli akajitazama na kusema, "Sasa yatosha"?

Ni dhahiri kwamba siku hiyo ni adimu. Tangu Eugen Sandow alipoandaa shindano lake mashuhuri mjini London mwaka 1901, mchezo huu umekuwa wa kuhukumiwa kwa macho. Mkimbiaji ana saa, mnyanyua uzito ana kilo. Zikitimia hakuna wa kumbishia. Mtunisha misuli kipimo chake ni kioo na mwili wa mwenziwe. Mkono ukijaa, huliona bega dogo; bega likipanda, huiona miguu myembamba. Ronnie Coleman wa Marekani alitwaa taji la Mr. Olympia mara 8 mfululizo, kuanzia 1998 hadi 2005. Hakukinai. Alirudi mwaka 2006 kutafuta la 9, akashindwa. Akarudi tena 2007, akashindwa. Baadaye alipasuliwa mgongo na nyonga mara nyingi, akawa mtu wa kutembea kwa magongo.

Kutoridhika kwa kiasi si kosa. Mkulima wa Mbinga akivuna kahawa nzuri mwaka huu, hutaka iliyo bora zaidi mwakani. Hatari ni pale hamu inapogeuka maradhi. Mwaka 1997 daktari Harrison Pope na wenzake huko Marekani waliyaeleza maradhi hayo: mtu mwenye misuli mikubwa hujiona mdogo, huuficha mwili wake ndani ya nguo pana, na huacha kazi na jamaa ili asikose mazoezi. Mtu huyo haponi kwa kuongezewa uzito wa chuma. Anahitaji daktari.

Na ni kwa mlango huo ndipo huingia muuza sindano. Homoni ya kiume ikitiwa mwilini kutoka nje, ubongo huacha kuziamuru korodani zifanye kazi yake. Nazo husinyaa, mbegu zikapungua. Kijana aliyeutafuta uanaume huenda akakosa mtoto, huku moyo na ini vikiumia.

Tuutazame mwambao wetu, kutoka Lituhi hadi Mbamba Bay. Mvuvi anayepiga kasia usiku kucha ana mgongo mpana, wala hapati nafasi ya kuupima. Wavu ukija na usipa, nguvu zake zimelipwa. Huko milimani, Wamatengo hulima ngolo: wanaume hufyeka na kulaza majani, wanawake hufukia na kuchimba mashimo. Mvua ikipita na udongo ukabaki, kazi imejionyesha. Katika mganda nako, mchezaji husifiwa kwa kwenda sawa na wenzake. Nguvu hizo zina mahali pa kutua, na mwenyewe huziona zimetua.

Kwa hiyo tunatoa wito. Maafisa wa utamaduni na michezo katika Wilaya za Mbinga na Nyasa wavitembelee vyumba vya mazoezi, wasiwaachie vijana walimu wa kwenye simu. Wakaguzi wawabane wanaouza dawa hizi kwa kificho. Waganga wa zahanati wawaulize vijana bila kuwaaibisha, maana anayeaibishwa hasemi. Ndugu zetu walio mbali na hospitali wajihadhari zaidi na sindano isiyo na daktari.

Wazazi nao wakome kumcheka mtoto mwembamba, kwani wengi hukimbilia vyuma wakiikimbia dhihaka hiyo. Na kijana ajiwekee lengo lenye kipimo: uzito atakaoinua, umbali atakaoogelea, shamba atakalomaliza. Lengo la namna hiyo hufikiwa, na aliyelifikia hulala usingizi. Kioo hakijapata kumwambia mtu yeyote kwamba yatosha.