Shemasi na Meza ya Wajane



Katika mazungumzo ya viongozi wa walei, hapa Lalago na kwingineko, swali moja hurudi mara kwa mara: kwa nini nasi tusipatiwe shemasi wa kudumu? Sababu itolewayo ni ileile. Mapadre ni wachache, vigango ni vingi, na masika barabara za mbugani hazipitiki. Shemasi angebatiza, angesimamia ndoa, angezika, angehubiri na kugawa Komunyo. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba tukimwomba kwa sababu hiyo peke yake, tunaomba vibaya.

Shemasi tunayemfahamu wengi wetu ni yule frateri aliyekwisha kupewa daraja hilo, naye sheria ya Kanisa humtaka angoje angalau miezi sita kabla ya upadre. Ndiyo maana tumezoea kumwona shemasi kama padre ambaye bado hajaiva. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulifungua njia ya kuurudisha ushemasi kuwa daraja la kudumu, hata kwa wanaume wenye ndoa, na Papa Paulo VI akatoa kanuni zake mwaka 1967. Leo wako duniani wapatao elfu hamsini, walio wengi Ulaya na Amerika. Afrika nzima ina mamia tu. Wao huwekewa mikono kwa ajili ya huduma, wala si kwa ajili ya upadre. Shemasi haadhimishi Misa, haondolei dhambi, wala hampaki mgonjwa mafuta. Kigango kitakachopewa shemasi kitaendelea kumngoja padre.

Basi tusome upya sura ya sita ya Matendo ya Mitume. Chanzo cha yote kilikuwa malalamiko, tena yenye harufu ya ubaguzi: wajane wa wale waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwakemea walalamikaji kwamba wanavuruga umoja (kama tufanyavyo sisi mara nyingi, mapadre tukiwamo). Waliiagiza jumuiya ichague watu saba wenye sifa njema. Tazameni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kigiriki! Inaonekana mgawo ulikabidhiwa kwa watu wa upande ule ule uliopunjwa. Maandiko hayawaiti saba hao mashemasi, lakini mapokeo ya Kanisa tangu kale yameona hapo mzizi wa daraja hili.

Je, kwetu wajane hawasahauliwi? Wajane wawili wa Kisukuma wa mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa bado na wilaya yetu ya Maswa, walipoteza nyumba na mali waliyochuma pamoja na waume zao, kwa kuwa kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 hazimpi mjane urithi. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua, ila ikakataa kuzitangua. Mwaka 2010 rufaa yao ilitupwa kwa kasoro ya hati. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba haki zao zilivunjwa. Wanawake wangapi wa vigangoni wanaweza kusafiri safari ndefu hivyo?

Mambo huharibika mapema zaidi, katika kikao cha ukoo baada ya mazishi. Hapo hupendekezwa msimamizi wa mirathi, na muhtasari hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Padre amekwisha kurudi parokiani. Shemasi aliyemzika marehemu, mwenyeji wa kijiji, anayelima pamba kama wengine, angeweza kubaki, akaketi mkekani, akauliza: mama huyu na watoto wake watakaa wapi? Angeweza pia kulala kijijini pale bibi kizee, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, anapoanza kunong'onwa kuwa mchawi. Tunajua katika Usukuma minong'ono hiyo imeishia wapi.

Mtaniambia kwamba katekista anaweza kuyafanya hayo. Naam, na wako wanaoyafanya, kwa posho ambayo ni aibu kuitaja. Mtaguso wenyewe, mwaka 1965, ulisema kwamba wanaotenda tayari kazi za kishemasi, makatekista wakiwamo, yafaa waimarishwe kwa kuwekewa mikono; na mwaka 2021 marehemu Papa Fransisko aliuweka ukatekista kuwa huduma rasmi ya walei. Simtaki shemasi atakayemgeuza katekista kuwa mbeba mkoba wake.

Kuweka mashemasi wa kudumu ni uamuzi wa maaskofu, si wetu. Lakini kupendekeza mtu ni juu yetu pia, na hapo naogopa tutamtafuta mwenye sauti nzuri na nyumba ya bati. Sheria inadai mwanamume mwenye ndoa awe ametimiza miaka 35, na mkewe akubali. Asipokubali, hapewi daraja. Ningependa tuanze kwa mama huyo. Aulizwe, mumewe asiwepo, kama yuko tayari mjane aliyefukuzwa agonge mlango wao saa nane za usiku, na watoto wanne nyuma yake.