Kura kwa simu? Tujaribu kwanza, tusikimbilie

Vijana wenzangu, kila uchaguzi ukikaribia swali ni lile lile: kama pesa natuma kwa simu, mbona kura nipange foleni tangu alfajiri? Swali ni zuri. Lakini pesa na kura si kitu kimoja.

Ukituma pesa kwa namba ambayo siyo, rekodi iko: jina lako, saa, kiasi. Utapiga simu, ifuatiliwe. Kura ni siri. Jina lako halifai kuonekana kando ya chaguo lako. Sasa ikibadilishwa njiani utajuaje? Na utalalamika kwa ushahidi gani?

Estonia wanapiga kura kwa intaneti tangu 2005, na 2023 zaidi ya nusu ya kura za ubunge zilipigwa hivyo. Lakini wenzetu kitambulisho chenye chipu kiko kwa karibu kila raia. Tena mtu akikulazimisha uchague mbele yake, baadaye waweza kupiga upya, na ile ya mwisho ndiyo huhesabiwa. Huku kwetu kuna vijana wa Pwani na Kaskazini Mashariki waliozungushwa miaka kwa kitambulisho tu. Kura ikitegemea kadi hiyo pamoja na simu nzuri na bando, hao watafungiwa nje mara ya pili.

2010 jiji la Washington, Marekani, liliwaita wadukuzi waujaribu mfumo wake kabla ya uchaguzi. Ndani ya siku mbili timu ya Chuo Kikuu cha Michigan ilikuwa imebadilisha kura zote, ikaacha wimbo wa chuo chao unacheza!

Nasi hatujasahau 2017, Mahakama ya Juu ilipoamuru seva zifunguliwe na IEBC isitii kikamilifu. 2022 fomu 34A zikawekwa wazi, mwenye simu akajumlisha mwenyewe. Intaneti ilizisambaza, lakini ushahidi wenyewe ulikuwa karatasi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: utafiti ufanywe, tena hadharani. Tuanze na chaguzi za wanafunzi vyuoni, wadukuzi waalikwe washambulie, na mwananchi wa kawaida aweze kuhakikisha kura yake bila kumtegemea fundi. Likishindikana hilo, tubaki na karatasi.

2027 ni foleni, manake. Kama hujajiandikisha, nenda. Usingoje simu ikupigie kura.