Saini za Lukafu

Mwaka 1900, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliikabidhi Katanga kwa Comité Spécial du Katanga, kamati ya pamoja ya dola ya Kongo na kampuni binafsi, na Lukafu, chini ya milima ya Kundelungu, ikawa mojawapo ya makao ya utawala huo kabla ya kuzaliwa kwa Élisabethville mwaka 1910. Ardhi ya watu ilihama mikono kwa wino: theluthi moja kwa kampuni, theluthi mbili kwa dola. Ndiyo maana naiheshimu karatasi yoyote ya zamani iliyotiwa saini: stakabadhi ya kodi, kitabu cha kazi cha mchimba shaba, cheti cha chifu chenye alama ya kidole gumba. Marekani, hati za kodi za vijiji vya enzi ya Waingereza hununuliwa na kutunzwa na wakusanyaji. Sisi hati za wazee wetu tunafungia karanga. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; nami naongeza, hata ukoo. André Yav alilijua hilo: mwaka 1965 aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wa Élisabethville kama watumishi wa Wazungu walivyoiishi, na leo wanazuoni wa dunia nzima wanaisoma. Ndugu yangu, kabla hujachoma sanduku la marehemu babu, lifungue. Piga picha kila karatasi, andika jina la aliyetia saini na mahali, kisha peleka nakala chuo kikuu. Usimuuzie mpita njia karatasi hizo: akiondoka nazo, ameondoka na ushahidi wetu.