Bima ya nyumba na waya uliofichwa ukutani

Kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000, lakini bei hiyo inaishia kwenye mita ya LUKU. Nyaya za ndani, soketi, swichi na malipo ya fundi ni juu ya mwenye nyumba. Hapo ndipo wengi wetu huku Katavi tunapobana matumizi. Waya wa bei ya chini unaingia ukutani, plasta inapita juu yake, basi umesahaulika.

Siku hizi bima ya moto inauzwa hadi kwenye matawi ya benki, hasa ukikopa kwa dhamana ya nyumba. Je, nyumba ya Sitalike ikiungua kwa hitilafu ya umeme, kampuni italipa? Inategemea mkataba unasemaje, na wewe ulijaza nini kwenye fomu. Bima inasimama juu ya ukweli wa anayekata. Ukiulizwa nani alitandaza nyaya ukasema fundi mwenye leseni, kumbe ni kijana wa jirani, umeipa kampuni sababu ya kukataa madai yako.

Tuje kwenye waya wenyewe. Ule mnene wa TANESCO unaotoka nguzoni kuja kwenye nyumba kwa kawaida ni wa alumini, na hauna shida, maana viungo vyake vimetengenezwa kwa ajili hiyo. Tatizo ni alumini nyembamba ndani ya nyumba. Ikipata joto hutanuka kuliko shaba, ikipoa hunywea, na skrubu ya soketi inalegea kidogo kidogo. Juu yake hujenga utando unaozuia umeme kupita vizuri. Kiungo kinachemka, plastiki inayeyuka.

Marekani walilipata hili baada ya bei ya shaba kupanda miaka ya 1960, nyumba nyingi zikatandazwa alumini. Tume yao ya usalama wa bidhaa ilisema nyumba za namna hiyo zilizojengwa kabla ya 1972 zina uwezekano mara 55 zaidi wa viungo vyake kufikia hali ya kuweza kuwasha moto. Hadi leo zipo kampuni za bima huko zinazotaka nyaya zikaguliwe kwanza, na nyingine zinakataa kabisa.

Kwetu alumini inaweza kuja kwa kujificha: waya uliopakwa shaba juu, ndani ni mweupe. Kabla ya kulipa, omba ukate ncha na uikwaruze kwa kisu. Ukiona weupe, rudisha. Wepesi wake mkononi nao unasema kitu.

Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA, tunza risiti, na piga picha za nyaya kwa simu kabla ya plasta. Picha hizo ndizo utakazomwonyesha mkaguzi wa bima. Kampuni ikikataa kulipa bila sababu ya maana, kuna TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Na kama soketi inapata moto au inanuka plastiki iliyoungua, zima kwenye meni swichi leo hii, usisubiri mavuno. Zimamoto wanapatikana kwa 114, ila kutoka Mpanda mjini hadi Sitalike ni zaidi ya kilomita 30.